Kopi kwanza, skrubu baadaye: niliyojifunza kwenye kompyuta za zamani

Watu wengi wakileta kompyuta ya zamani wanakuja na ombi moja, imekuwa nzito sana, niwekee diski ngumu (hard disk) mpya. Na mimi siku hizi sigusi bisibisi kabla sijauliza, humu ndani kuna kitu gani ambacho huna kwingine kokote? Hapo ndo mtu anatulia anaanza kuhesabu, kuna picha za harusi, kuna za mama kabla hajafariki, kuna barua za kazini, kuna mahesabu ya biashara ya miaka yote hiyo. Diski inanunulika, hivyo vingine havinunuliki.

Nimefunga diski na kuhamisha data za watu kwa muda mrefu, na kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye kompyuta kuukuu alishike basi ni mpangilio wa kazi. Unakopi kwanza, alafu unaikagua hiyo kopi, alafu ndo unafunga diski mpya. Karibu machozi yote niliyoyaona kwenye hii kazi yalitoka kwa mtu aliyeruka hatua ya kwanza au ya pili, sio kwa mtu aliyefunga vibaya. Kufunga diski ni kazi ya bisibisi na uvumilivu, mtu yeyote makini anaiweza.

Cha kwanza mi huwa nasikiliza. Diski ngumu za kuzunguka, zile za kabla ya SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka), ndani zina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na juu ya sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kugusa, nafasi iliyopo katikati inapimwa kwa nanomita, yaani punje ya vumbi la kawaida ni kubwa kuliko hiyo nafasi. Ndo maana hii kitu haifunguliwi mezani. Na diski iliyokuwa inafanya kazi kimyakimya ikianza kugonga tik, tik, tik kwa mpigo uleule, ujue kichwa kinatafuta njia yake na hakiipati. Ukisikia huo mlio zima mashine. Usiwashe tena uone kama imepona, usiwashe tena umwonyeshe mtu inavyolia, kila ukiwasha inaweza kuwa ndo mara ya mwisho, na kama kilichomo kina thamani kubwa basi hiyo ni ya kupeleka kwa wataalamu wa kuokoa data wenye chumba maalum kisicho na vumbi, hata fundi mzuri wa kawaida akifika hapo aseme tu ukweli wake. Kuna wanaoshauri uifunge kwenye nailoni uiweke kwenye friza. Usiweke. Ikitoka kwenye baridi unyevu unageuka matone ya maji ndani na ile nafasi ndogo ya kuokoa uliyokuwa nayo unaimaliza kwa mikono yako.

Kama hailii, naangalia taarifa zake za afya. Diski karibu zote tunazokutana nazo zinajiwekea kumbukumbu zinaitwa SMART, kwenye Windows programu kama CrystalDiskInfo inazionyesha, kwenye Linux kuna smartctl. Mistari ni mingi na inatisha kidogo ila mi macho yangu yanaenda kwenye minne. Namba 05 ni sekta, yaani vijisehemu vya kuhifadhia data, ambazo diski yenyewe imeshazikataa ikahamishia kazi kwenye sekta za akiba. C5 ni sekta zilizogoma kusomeka na diski bado haijaamua izifanye nini. C6 ni zile ambazo diski ilipojikagua ikashindwa nazo. Alafu kuna C7, na hii watu wanaikosea sana, maana inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), mara nyingi mgonjwa hapo sio diski, ni kebo. Kuna kompyuta ya ofisi moja ilikuwa inaganda ganda, wameshaambiwa diski imekufa watafute nyingine, kuangalia nakuta 05 sifuri, C5 sifuri, ila C7 inapanda kila ukikopi faili kubwa. Nikabadilisha kebo. Namba yenyewe haikurudi sifuri, haiwezagi kurudi, lakini ilisimama pale pale na mashine ikatulia.

Sasa C5 ikiwa na namba, hata ndogo, mpango wote unabadilika. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mashine yake ilikuwa bado na Windows XP, na humo kulikuwa na historia ya ukoo wao aliyoikusanya kwa kuongea na wazee ambao wengi sasa hawapo. Akaniambia mwanangu, lile faili siku hizi linachukua muda mrefu kufunguka, nadhani mashine imechoka, iwekee diski mpya. Kuiwasha tu Windows ikaleta ile skrini ya bluu inayohesabu sekunde, kwamba inataka kukagua diski. Nikabonyeza kitufe kuizuia haraka. Hapa naomba mnielewe vizuri, chkdsk, hiyo inayokagua diski, ni programu nzuri kwa diski yenye afya ambayo faili zake zimevurugika, mfano umeme ulikatika ghafla, ila kwa diski inayokufa ni hatari kwa sababu inaandika, inarekebisha, inakata vipande vya faili, na inailazimisha diski kurudia sehemu mbovu tena na tena. Diski inayokufa haitengenezwi, inakopiwa basi.

Nikaizima, nikaichomoa, nikaiunganisha kwenye mashine nyingine iliyowaka kwa Linux ya kwenye fleshi. Programu niliyotumia inaitwa GNU ddrescue, ni ya bure, na uzuri wake upo kwenye mpangilio, inaanza na sehemu zinazosomeka kirahisi, ikikuta sehemu inagoma inairuka inaenda mbele, ikishamaliza zile rahisi ndo inarudi kuhangaika na ngumu, na yote hayo inayaandika kwenye faili la ramani kwahiyo hata umeme ukikatika au ukiamua kuipumzisha diski ipoe, ukirudi unaendelea ulipoishia. Sasa linganisha na kuburuta folda kama tulivyozoea, ikifika kwenye faili bovu inakwama pale pale, diski inahangaika na picha moja ya mwaka gani sijui wakati faili la maana bado halijafikiwa. Mwalimu alikaa pembeni anaangalia. Kwenye skrini kuna mstari wa data iliyookolewa, mstari wa makosa na mstari wa kasi, na ile kasi ilikuwa inaenda vizuri ghafla inaporomoka mpaka karibu sifuri, alafu inapanda tena. Akauliza, mwanangu, ikishuka hivyo ndo inapotea? Nikamwambia hapana mwalimu, imekuta sehemu mbaya imeiruka, itairudia. Mwisho wake sehemu iliyobaki bila kusomeka ilikuwa ndogo mno. Nikafungua ile kopi ya diski, sio diski yenyewe, nikatafuta lile faili likafunguka, na mwalimu akalisoma kutoka juu mpaka chini, taratibu, jina kwa jina, kabla hajaniruhusu kugusa kitu kingine.

Na alichokifanya yule mwalimu ndo kukagua bakapu kwenyewe. Wengi wetu tukishaona ule mstari wa kijani umefika mwisho tunaamini kazi imeisha. Mstari wa kijani unasema tu kwamba kompyuta imemaliza ilichoambiwa, hausemi kama uliiambia ikopi kitu sahihi. Kijana mmoja alikuja akiwa na fleshi yake, anasema bakapu ninayo kaka, we nisaidie tu kuirudisha, mashine ilishafomatiwa na mtu mwingine. Nikafungua fleshi nikaona folda ya dawati lake (Desktop), majina yote yapo, ripoti, picha za watoto, mikataba, ila kila ikoni ina kamshale kadogo kwenye kona. Zilikuwa shotikati, yaani vielekezo tu vya faili, sio faili zenyewe. Folda nzima ilikuwa na uzito wa kilobaiti chache. Faili zenyewe zilikuwa kwenye patisheni (sehemu ya diski) iliyofutwa na juu yake imewekwa Windows mpya. Tulijaribu kuokoa kwa PhotoRec, ambayo inatambua faili kwa umbo la data yake bila kutegemea majina, tukapata picha kadhaa zenye majina ya namba tupu yasiyoeleweka, na mikataba mingine haikupatikana kabisa. Inauma sana kumwambia mtu hivyo.

Tangu hapo kukagua kwangu ni hivi, nalinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, sio kwa kukadiria, naandika kabisa. Alafu nachomoa ile diski ya bakapu naipeleka kwenye kompyuta nyingine, na huko nafungua faili za kila aina, picha ya zamani, picha ya mwisho kupigwa, hati, video naipeleka katikati na mwishoni kuona kama inacheza, kama kuna faili la zipu nalifungua nione ndani. Mwenye mali awepo kama inawezekana, kwa sababu mi siwezi kujua kama kuna kitu kimekosekana, yeye anajua. Kama ni data nyingi sana natumia programu ya kupiga hesabu ya alama ya kila faili, MD5 au SHA-256, hapo hata biti moja ikibadilika inaonekana. Na ni muhimu iwe kompyuta nyingine. Kwenye mashine ileile shotikati inafunguka vizuri tu maana faili halisi bado lipo, faili lililofungwa kwa siri na Windows nalo linafunguka maana ufunguo upo humohumo, kwahiyo utaona kila kitu sawa na kesho yake ukishafomati ndo unajua.

Hilo la ufunguo niliseme vizuri. Kwenye XP na zilizofuata kuna folda ambazo majina ya faili zake yanaonekana kwa rangi ya kijani, hizo zimefungwa kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga faili kwa siri, na ukizihamisha bila kutoa cheti cha yule mtumiaji ukakihifadhi, kwa kawaida hazifunguki tena kwenye mashine nyingine, hata neno la siri la kuingilia ulijue. Kwenye mashine za baadaye kuna BitLocker, inayofunga diski yote kwa siri, ambayo ina ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48, uchapishe au uuandike kabla hujagusa BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha mashine) wala diski, kwa sababu kubadilisha kitu kidogo tu kunaweza kuifanya mashine iudai.

Kitu kingine, watu hawajui vitu vyao vinakaa wapi, na sio kosa lao, mashine zenyewe zimeficha. Kwenye XP makazi ya mtumiaji ni folda ya Documents and Settings, kuanzia Windows Vista ikawa Users. Ukikopi Nyaraka na Picha peke yake umeacha dawati, umeacha alamisho za kivinjari, umeacha barua pepe. Barua za Outlook zinakaa kwenye faili la PST na za Outlook Express zinakaa kwenye faili za DBX ndani kabisa ya folda zilizofichwa, mpaka uwashe mpangilio wa kuonyesha faili zilizofichwa ndo unaziona. Alafu programu za mahesabu na za stoo, hizo za zamani, nyingi zinaweka data yao humohumo ndani ya folda ya programu kwenye C, sio kwenye nyaraka za mtumiaji. Mi nikiwa na nafasi ya kutosha sichagui, nachukua diski nzima kama ilivyo kwa Clonezilla au ddrescue, kuchagua nitachagua baadaye nikiwa na utulivu. Nafasi ya diski ni kitu rahisi kupatikana kuliko kumbukumbu ya mtu ya mahali alipohifadhi kitu zamani hizo.

Tuje kwenye njia ya kukopia maana hapa mashine za zamani zinasumbua kwelikweli. Kompyuta yenye USB 1.1 inakwenda megabiti 12 kwa sekunde, kwa uhalisia ni kama megabaiti moja, kwahiyo gigabaiti 100 ni zaidi ya saa 27 diski ikiwa inachapa kazi bila kupumzika, na kama ni diski dhaifu unaiua njiani. USB 2.0 ni megabiti 480 kwenye karatasi, ikikupa megabaiti 30 kwa sekunde shukuru, ila hiyo inavumilika. Kwahiyo mi mashine ikiwa ya zamani sana sikopi kupitia yenyewe, nachomoa diski naipeleka kwenye mashine yenye nguvu kwa adapta ya USB inayokubali IDE na SATA, yaani aina mbili za kuunganishia diski, ya zamani na iliyofuata. Kumbuka diski kubwa za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 ambazo USB haitoi, lazima adapta iwe na umeme wake wa pembeni, zile ndogo za laptopu zinatumia volti 5 tu na nyingi zinawaka kwa USB, ila za IDE za laptopu zina pini 44 badala ya 40 kwa hiyo angalia adapta yako ina mdomo huo.

Na fleshi au diski ya nje unayokopia ikiwa imefomatiwa FAT32 haitapokea faili moja la gigabaiti 4 au zaidi. Pengine inakwambia haina nafasi wakati unaona nafasi ipo tele, na faili linaloachwa nje ni lile kubwa, yaani PST ya barua zote au video ya harusi. XP nayo haiijui exFAT mpaka uiwekee sasisho lake, kwahiyo kwa mashine hizo mi natumia NTFS naendelea na maisha.

Kuna kitu kidogo kwenye madabodi ambacho kimewatesa watu wengi bila sababu, ile betri ya mviringo, CR2032 ya volti 3. Kompyuta ikikaa miaka betri inaisha, na ikiisha BIOS inasahau kila kitu kila ukichomoa umeme, saa inarudi nyuma miaka mingi, na mpangilio wa diski unarudi ule wa kiwandani. Sasa kama Windows iliwekwa diski ikiwa kwenye hali ya IDE na kiwandani ni AHCI, njia mbili tofauti za madabodi kuongea na diski, au kinyume chake, inawaka kidogo alafu skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na hapo mtu anaambiwa diski imekufa. Diski nzima! Unarudisha mpangilio unaweka betri mpya mashine inawaka kama jana. Lakini kinachonisumbua zaidi mimi ni ile saa. Watu wengi wana programu ya bakapu inayokopi faili mpya tu, zile zenye tarehe ya karibuni kuliko zilizo kwenye bakapu. Saa ikirudi nyuma, kazi ya leo inapata tarehe ya miaka iliyopita, programu inaiona ni ya zamani inaiacha, na kila jioni inakuandikia imekamilika bila kosa. Kabla ya bakapu yoyote kwenye mashine kuukuu angalia saa kwanza, ni kitu cha sekunde chache.

Haya, kopi ipo, imekaguliwa, sasa ndo tufunge diski. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kava kuondoa umeme tuli kwenye mwili. Piga picha waya zote zilivyo kabla hujachomoa hata moja. Skrubu za diski ya inchi 3.5 sio sawa na za inchi 2.5, uzi wake ni tofauti, ikigoma kuingia kwa vidole usiilazimishe na bisibisi.

Diski za IDE ndo zenye mambo yake. Kebo yake bapa ina pini 40 na upande mmoja una mstari mwekundu, huo ndo upande wa pini namba 1, na mara nyingi unaelekea kwenye tundu la umeme. Kebo moja inabeba diski mbili, moja ni master nyingine slave, na unazitofautisha kwa jampa, kile kiplastiki kidogo nyuma ya diski, mchoro wake huwa upo kwenye lebo. Zote mbili zikiwa master mashine inachanganyikiwa, pengine haioni hata moja, na hii nimeikuta mara nyingi kwa mtu aliyeongeza diski ya pili akaanza kulia kwamba ya kwanza imepoteza data. Haijapoteza kitu, hamisha jampa tu. Baadhi ya diski za Western Digital zina mpangilio wa tatu, yaani ikiwa peke yake kwenye kebo jampa unaiondoa au unaiweka sehemu yake tofauti na ya master, kwahiyo soma lebo, usikariri. Kebo za kasi zaidi zina nyaya 80 na rangi kwenye vichwa vyake, bluu inaenda kwenye madabodi, nyeusi ya mwisho kwa master, kijivu ya katikati kwa slave.

SATA haina master wala slave, kebo moja diski moja, unachomeka basi. Tatizo unalikuta kwenye madabodi za SATA ya kwanza kabisa, nyingine haziwezi kuelewana na diski za kasi ya gigabiti 3 na diski haionekani kabisa, hapo tafuta diski yenye jampa ya kuishusha mpaka 1.5.

Alafu ukubwa. Hili watu wanalipuuza na ndo lenye hatari kuliko yote kwa data. Kompyuta za zamani zilihesabu sekta kwa biti 28, mwisho wake ni gigabaiti 137. Nyingine za nyuma zaidi zinaganda kabisa zikiona diski inayozidi gigabaiti 32, na ndo sababu diski nyingi za IDE zina jampa ya kujifanya ndogo. Windows XP ilipotoka 2001 haikuwa inavuka hizo 137 mpaka ilipokuja Service Pack 1 mwaka 2002. Sasa ukiweka diski ya gigabaiti 500 kwenye mfumo usiojua kuvuka, mwanzoni mambo yanaenda vizuri, unaweka faili zako miezi, ila siku data inapofika kwenye huo mpaka hesabu inaweza kuzunguka na kuanza kuandika juu ya mwanzo wa diski, pale ambapo kuna orodha ya faili zote. Kwahiyo mashine inayosema gigabaiti 128 au 137 wakati diski ni kubwa zaidi, usiseme si neno nitatumia hizo hizo, tengeneza patisheni isiyofika kwenye mpaka au sasisha BIOS na Windows kwanza. Na juu kabisa kuna mpaka wa terabaiti 2 kwa mpangilio wa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, kwa mashine za umri huu usinunue zaidi ya hapo.

Ukihamisha Windows nzima kutoka diski moja kwenda nyingine angalia mara mbili ipi ni chanzo ipi ni mwisho. Clonezilla inakuonyesha sda na sdb, majina inayozipa diski, pamoja na modeli na namba ya diski, mi kabla ya kufunga napiga picha lebo za diski zote mbili alafu nalinganisha ile namba kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu, ukubwa peke yake hautoshi maana diski mbili zinaweza kuwa na ukubwa uleule. Diski nyingine zozote nachomoa kabisa. Ukigeuza hizo mbili unaweza kuandika utupu juu ya kila kitu, na hapo PhotoRec wala nani hakusaidii.

Kwa mwenye laptopu ya SATA inayoburuta miguu, SSD ni badiliko utakaloliona dakika ya kwanza, hakuna sahani, hakuna kichwa, haina hofu ya kutikiswa. Ila weka Windows 7 au mpya zaidi, au Linux, kwa sababu XP haiijui TRIM, amri inayoiambia SSD sekta zipi zimeachwa wazi, na tena patisheni za XP zinaanza kwenye sekta ya 63 ambayo haipatani na SSD wala na diski mpya za sekta za 4K, zinakwenda polepole bila sababu. Tena SSD ikifa mara nyingi haikuonyi kwa mlio, leo ipo kesho haionekani, kwahiyo aliyehamia SSD anahitaji bakapu kuliko alivyokuwa.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndo alieneza ule utaratibu wa 3-2-1, kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Hata usipofika tatu anza na mbili, lakini diski ya nje isikae imechomekwa muda wote. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilipoenea kilifunga faili za kompyuta pamoja na za diski zilizokuwa zimechomekwa, na zilizopigwa nyingi zilikuwa Windows 7 zisizosasishwa, mashine za aina hiihii tunazozungumzia. Na kusawazisha faili na mtandaoni peke yake sio bakapu, ukifuta huku na kule kunafutika.

Diski ya zamani ukishaitoa usiitupe wala usiifomati siku hiyo. Bandika karatasi, andika jina, tarehe na imetoka mashine gani, iweke sehemu kavu, acha mwenyewe atumie mashine mpaka azoee, maana kuna kitu atakikumbuka tu, kama fonti ya kanisa au faili la kodi. Muda ukipita ndo unaifuta, na kwa diski ya kuzunguka kuandika sifuri mara moja kutoka mwanzo mpaka mwisho kunatosha, kwa SSD tumia amri yake yenyewe ya kujifuta kwa sababu kuandika juu hakufiki kwenye sekta zake za akiba. Kama ilikuwa imeshagoma kiasi cha kutofutika, itoboe kwa drili kwenye sahani kabla haijaenda kwa wakusanya vyuma, data za mwenyewe bado zimo.